Kamati ya Zahanati na Kalamu Yetu

Wapenzi wasomaji, na hasa ninyi makarani, watendaji wa vijiji na kata, na waganga wafawidhi, ambao gazeti hili dogo huwafikia likiwa limekwisha kupita mikononi mwa wengi, leo twataka kusema nanyi juu ya jambo ambalo aghalabu halitajwi katika mikutano yetu. Mikutano yetu hujaa maneno ya mishahara, na likizo, na uhamisho, na posho. Ni maneno ya haki, wala hatuyaonei haya. Lakini wako watu wasio na chama kama chetu, wala hawana karatasi ya kuandikia malalamiko yao, nao hutungoja kila asubuhi mlangoni pa zahanati wakiwa na watoto mgongoni.

Zahanati, hata ikiwa ndogo kabisa, yapaswa kuwa na kamati yake. Hivyo ndivyo taratibu za Tanzania zitakavyo: wachaguliwe wajumbe miongoni mwa wananchi watumiao kituo, mganga mfawidhi awe katibu wao, nao wakae pamoja kuangalia mipango ya kituo, fedha zake, dawa zake, na manung'uniko ya wagonjwa. Juu ya kamati hizo iko Bodi ya Huduma za Afya ya Halmashauri. Kwa maandishi, basi, mwananchi ana sauti. Swali letu ni jinsi sauti hiyo itokavyo kinywani mwake hata ikafika mahali panapoamuliwa jambo. Na katika safari hiyo iko kalamu moja ambayo haina budi kuipitia. Kalamu hiyo ni yetu.

Mwandishi wa maneno haya hana haki ya kuwanyoshea wenzake kidole, na afadhali aseme mapema kwa nini. Miaka mingi iliyopita alikuwa karani katika ofisi moja ambayo hataitaja. Kila robo ya mwaka ofisi ile ilitakiwa kupeleka muhtasari wa mkutano wa kamati ya zahanati pamoja na maombi ya fedha, na bila ya muhtasari fedha hazikutoka. Wajumbe walikuwa mbali, mvua zilikuwa nyingi, posho haikuwapo. Basi karani akachukua muhtasari wa robo iliyopita, akabadili tarehe, akaupiga taipu upya, akapanda baiskeli akawafuata wajumbe mmoja mmoja shambani na gulioni ili watie saini. Mwenyekiti alikuwa mzee mmoja mtaratibu sana. Aliishika ile karatasi kwa mikono miwili, akaitazama kitambo, kisha akauliza, "Mwanangu, humu tumesema nini?"

Karani akamjibu, "Mmekubali, mzee." Mzee akatia saini.

Katika miezi ile ile wanawake wa kijiji kile walikuwa wakiambiwa kwamba mwenye kuja kujifungua usiku aje na taa yake na mafuta yake. Kila mtu alijua. Mke wa mwenyekiti alijua. Lakini neno hilo halikuwamo katika muhtasari, kwa kuwa halikuwamo katika ule wa robo iliyotangulia, ambao ndio ulionakiliwa. Kilichokuwamo ni kupaka rangi ukuta wa mbele na kutengeneza lango. Fedha zilipokuja ukuta ulipakwa rangi, ukapendeza. Na wajawazito wakaendelea kubeba taa.

Tafadhali angalieni kwamba hapakuwa na wizi. Hakuna senti iliyopotea, risiti zote zilikuwapo, na mkaguzi alipokuja alitia alama yake ya vema. Twasema hivi kwa sababu kila mara yanapotajwa makosa ya vituo vya afya fikira zetu hukimbilia kwa mwizi wa dawa, na kama mwizi hayupo twaona hakuna neno. Kosa lile lilikuwa jingine. Watu walikuwa na chombo cha kusemea, nasi tukakisemea sisi, kwa niaba yao, kwa mwandiko mzuri.

Chombo hicho hakikupatikana kwa siku moja. Mwezi wa Septemba mwaka 1978 wajumbe wa mataifa walikutana katika mji wa Alma-Ata, ambao siku hizi huitwa Almaty, katika Kazakhstan, wakatangaza kwamba watu wana haki na wajibu wa kushiriki, kila mtu peke yake na wote kwa pamoja, katika kupanga na kutekeleza huduma za afya zao. Ni ajabu kidogo kukumbuka kwamba mwaka ule Tanzania haikuwa na halmashauri za wilaya hata moja, maana zilikuwa zimevunjwa mwaka 1972. Vijiji vilikuwa na halmashauri zao kwa sheria ya mwaka 1975, lakini kati ya kijiji na Serikali hapakuwa na baraza la kuchaguliwa. Sheria za kuzirudisha serikali za mitaa zilipitishwa mwaka 1982, na halmashauri zikaanza kazi tena mwaka 1984. Kisha mwaka 1993 ikaja habari ya wananchi kuchangia gharama za matibabu katika hospitali za Serikali, ambayo kwa miaka mingi yalikuwa bure. Mwaka 1996 Mfuko wa Afya ya Jamii ukaanza kujaribiwa katika wilaya ya Igunga, na mwaka 2001 ukatungiwa sheria yake. Na ni katika mambo hayo ya mfuko ndipo bodi na kamati zilipopata nguvu. Yaani mwananchi alianza kuulizwa maoni yake karibu na wakati ule ule alipoanza kutakiwa fedha zake. Hatuoni ubaya katika hilo. Mwenye kulipa huuliza. Lakini yafaa tukumbuke kwamba alipewa kiti barazani kwa sababu alikuja na kitu mkononi, naye hajasahau.

Badiliko kubwa kupita yote, kwa maoni yetu, ni lile la mwaka wa fedha 2017/18. Kabla ya hapo fedha za kituo zilikaa katika hesabu ya halmashauri, na zahanati iliyotaka hata ufagio ilibidi iombe na kungoja. Tangu mwaka ule fedha za Mfuko wa Pamoja wa Afya zikaanza kupelekwa moja kwa moja katika hesabu ya benki ya kituo chenyewe, na kamati ikawa ndiyo ya kupitisha mpango na matumizi. Kwa hiyo kamati ambayo zamani ilikuwa ya kulalamika tu imekuwa kamati yenye fedha. Mjumbe mkulima, ambaye labda hajapata kushika kitabu cha hundi, anatakiwa kusema ndiyo au hapana juu ya fedha za watu elfu kadha. Je, tumemwonyesha hesabu kwa namna awezayo kuisoma? Au twamletea karatasi iliyojaa namba za vifungu na maneno ya Kiingereza, kisha twamwonyesha kwa kidole mahali pa kutia saini? Hata Kiswahili chetu wenyewe cha ofisini ni pazia. Mtu akiandikiwa "ununuzi wa vifaa tiba na vitendanishi" haoni kitu. Akiandikiwa "glavu, sindano, na dawa za kupimia malaria" atauliza pale pale mbona juzi hakupata.

Wako watakaosema kwamba haya ni maradhi ya nchi maskini. Basi na watazame Uingereza, nchi yenye hospitali za fedha nyingi na mabaraza ya wagonjwa ya tangu mwaka 1974. Katika hospitali ya mji wa Stafford, kati ya mwaka 2005 na 2009, wagonjwa waliteseka sana: wengine waliachwa na kiu, wengine wakalala katika mashuka machafu, na simu za kuita wauguzi zikalia bila ya kujibiwa. Waliopiga kelele hawakuwa wakubwa wa hospitali wala baraza, bali ni jamaa za wagonjwa. Mwanamke mmoja, Julie Bailey, ambaye mama yake alifia hospitalini humo mwaka 2007, aliwakusanya wenzake wenye misiba kama wake, wakagonga milango mpaka Serikali ikaamuru uchunguzi wa hadhara. Mwenyekiti wa uchunguzi huo, Robert Francis, alitoa taarifa yake mwezi wa Februari mwaka 2013, yenye mapendekezo 290.

Katika taarifa hiyo liko jambo ambalo karani yeyote atalisoma kwa uchungu. Mabaraza ya zamani yalikuwa yamefutwa katika England mwaka 2003, na mahali pao pakawekwa mabaraza mapya. Baraza la Stafford lilikuwapo wakati wagonjwa wakiteseka. Lilikuwa na wajumbe, na mikutano, na kanuni. Mchunguzi aliona kwamba lilishughulika mno na katiba yake na taratibu zake, tena liliona haya mbele ya wakubwa wa hospitali, kwa hiyo halikufika mbali. Wengi wetu tumekaa katika mikutano ya namna hiyo. Saa mbili zapita katika kusahihisha muhtasari uliopita, na mgonjwa yuko upande wa pili wa ukuta.

Baraza lile nalo likafutwa mwaka 2008, likawekwa jingine. Mwaka 2013 jingine tena, liitwalo Healthwatch. Na mwaka 2025 Serikali ya huko ikatangaza nia ya kuliondoa hilo pia. Twajifunza nini? Sisi twajifunza kutotumaini sana majina mapya. Kila watu wanapokosa kusikilizwa, dawa ya kwanza tuijuayo ofisini ni kuunda kamati nyingine na kuipa mhuri.

Turudi nyumbani. Twajua majibu ambayo wenzetu watatupa, maana nasi tumeyatoa. Watasema wajumbe hawaelewi mambo ya utabibu. Ni kweli, na hakuna aliyewaomba waandike dawa. Yule mama aliyebeba taa hakuhitaji kusoma utabibu ili kujua kwamba chumba kina giza. Watasema pia kwamba wajumbe huchaguliwa kwa udugu na siasa, na kwamba wengine huja kwa ajili ya posho na soda. Hili ni zito zaidi, wala hatuwezi kulikana. Lakini dawa yake imo katika sheria tayari: mkutano mkuu wa kijiji, ambao watakiwa kukutana kila miezi mitatu, na kila mkazi mtu mzima ana haki ya kuhudhuria. Mjumbe ambaye lazima asimame mbele ya mkutano huo, chini ya mwembe, aeleze dawa ngapi zimeingia na fedha ngapi zimetoka, hatakaa muda mrefu katika kiti hicho kwa ajili ya soda. Shida ni kwamba taarifa ya zahanati huwekwa mwisho wa ajenda, baada ya madawati na mipaka ya mashamba, jua likiwa limekwisha kuchwa na watu wakifunga vitenge vyao waende.

Jibu la tatu hatulidharau hata kidogo. Wauguzi husema: "Sisi tuko wawili, pengine mmoja, twahudumu mchana na usiku, nanyi mwataka kutuletea watu wa kutuchongea." Ndugu zetu wana haki ya kuogopa. Tumeona malalamiko yakitumiwa kama fimbo, mtu akahamishwa kwa neno moja la mkubwa wa kijiji aliyenyimwa sindano asiyostahili. Walakini tuulize pia: nani atakayesema kwamba muuguzi ni mmoja? Barua za mganga mfawidhi za kuomba mtumishi wa pili hulala katika majalada. Kamati ikisema jambo hilo hilo, na mkutano wa kijiji ukalisema, na diwani akalichukua barazani, hapo barua yaanza kuwa na miguu. Martin Kayamba na wenzake walipoanzisha chama cha watumishi Waafrika wa Serikali mjini Tanga mwaka 1922, walikuwa wamejua jambo hili: ombi la mtu mmoja ni barua, na ombi la wengi ni habari. Sisi tulio warithi wao twaijua faida hiyo kwa ajili yetu wenyewe. Itakuwa ajabu tukiwaonea wengine wivu.

Sasa tuseme neno juu ya namna ya kuandika malalamiko, kwa kuwa hii ndiyo kazi yetu hasa. Masanduku ya maoni yako kila mahali. Mengi yamefungwa kwa kufuli ambayo ufunguo wake hakuna ajuaye uko wapi, na tumeliona moja ambalo mijusi wamelifanya nyumba. Hata sanduku jema lamfaa yule tu aliye na kalamu na aliyesoma. Mama mzee hataandika. Atasema, na atasema kwa mtu anayemwamini, pengine kisimani. Kwa hiyo yafaa neno la mdomo lipokewe na liandikwe, tena liandikwe kama lilivyosemwa. Tumezoea kuandika: "Mgonjwa alilalamikia lugha isiyoridhisha." Maneno haya ni kaburi. Humo tumewazika watu wengi. Yule mgonjwa hakusema "lugha isiyoridhisha", alisema, "Nilipopiga kelele kwa uchungu niliulizwa kama nilipokuwa nikiitafuta mimba hii nilimwita nani." Andikeni hivyo. Si lazima jina la mwenye kusema liandikwe, wala jina la muuguzi katika karatasi ya kubandikwa ukutani. Lakini maneno yaachwe yalivyo, maana mjumbe akisomewa maneno hayo hatauliza tena tatizo ni nini, na muuguzi mwenyewe akiyasikia yakisomwa kwa sauti ya utulivu huenda akayatambua.

Vivyo hivyo kwa barua ya msamaha. Kwa sera ya Tanzania wajawazito, watoto walio chini ya miaka mitano, na wazee wa miaka sitini na zaidi wasio na uwezo, hawapaswi kutozwa katika vituo vya Serikali. Mzee hutakiwa aonyeshe kwamba hana uwezo, naye huja kwetu kuomba karatasi. Ni mara ngapi amekuta ofisi imefungwa? Ni mara ngapi ameambiwa arudi Jumatatu, naye ametembea kutoka kitongoji cha mbali akiwa na mguu uliovimba? Mzee huyo hawezi kuhesabiwa na kamati yoyote kwamba amenyimwa matibabu, kwa sababu hakufika kituoni. Aliishia kwetu.

Na wako wasiofika kabisa: waliolala nyumbani kwa kiharusi, vipofu, watoto wenye ulemavu ambao mama zao hawawezi kuwabeba tena. Mwezi wa Januari mwaka 2024 Serikali ilizindua mpango wa wahudumu wa afya ngazi ya jamii, ambao kazi yao ni kupita majumbani. Ikiwa mhudumu huyo atapewa nafasi katika kila mkutano wa kamati kusema alichokiona kwenye vitanda hivyo, tutakuwa tumewapa sauti watu ambao mwembe wa mkutano wa kijiji uko mbali nao mno.

Tunachowaomba wanachama si kikubwa. Muhtasari wa kamati usomwe wote kwa sauti mbele ya wajumbe kabla ya kutiwa saini, kwa Kiswahili cha nyumbani, na asiyekubali jambo liandikwe kwamba hakukubali. Dawa zikija kutoka Bohari, wajumbe wawili waziangalie zikihesabiwa, na karatasi ibandikwe ukutani ikionyesha zilizoingia na, baadaye, siku kila moja ilipokwisha. Fedha vilevile. Na kila lalamiko liandikiwe jibu chini yake. Jibu likiwa "haiwezekani kwa sasa kwa sababu hii na hii" nalo ni jibu, na watu wazima hulipokea vizuri kuliko tudhanivyo. Kisichofaa ni kunyamaza.

Tumejaribu kukadiria muda utakaotumika. Kusoma muhtasari wa kurasa mbili kwa sauti ni dakika kumi na tano hivi. Kubandika karatasi ni dakika tano, kama gundi ipo. Yule karani mwenye baiskeli alitumia siku mbili nzima kukusanya saini za mkutano uliokuwa haujafanyika.

Tungependa kila tawi lituletee nakala ya karatasi moja iliyobandikwa katika zahanati yake robo hii, pamoja na habari ya maneno yaliyosemwa na watu walipoisoma. Majina ya vituo na ya watu hatutayachapa. Zile zitakazofaa tutazitoa katika toleo lijalo ili wengine wapate mfano wa kufuata, na zile zilizoleta ugomvi tutazipokea pia, pengine kwa hamu zaidi. Zipelekwe kwa Katibu wa tawi kabla ya mkutano wa robo ujao, nazo ziandikwe upande mmoja tu wa karatasi, kwa wino, maana macho ya mpiga taipu wetu si yale ya zamani.